Tone, Mwangwi na Makadirio: Jinsi Rada Inavyoisoma Mvua

1. Utangulizi

Zipo methali mbili za Kiswahili ambazo huonekana kana kwamba zinapingana. Ya kwanza yasema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Ya pili yasema kuwa chururu si ndo! ndo! ndo! Ile ya kwanza hukitetea kitu kidogo kinachorudiwa mara nyingi. Ile ya pili hutukumbusha kwamba maji yanayotiririka na maji yanayodondoka si jambo moja, ijapokuwa yote ni maji. Swali lililo katikati ya methali hizi mbili limewashughulisha wataalamu wa hali ya hewa kwa zaidi ya miaka 70. Ukijua kwamba mvua inanyesha mahali usipoweza kufika, utajuaje kama inayonyesha ni ya matone makubwa machache au ya matone madogo mengi? Na usipolijua hilo, utawezaje kusema kibaba kitajaa kiasi gani?

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa Kiswahili, jinsi rada ya hali ya hewa inavyokadiria ukubwa wa matone na kiasi cha mvua. Huenda msomaji akashangaa kuiona mada ya namna hii katika jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba mjadala wa istilahi za sayansi umezoea kuanza na orodha: neno la kigeni huwekwa upande mmoja, na visawe vyake hutafutwa upande wa pili. Sisi tunapendekeza njia nyingine. Tutaanza kwa kulieleza jambo lenyewe mpaka lieleweke, kisha tutazame ni maneno gani yaliyobeba mzigo na ni yapi yaliyotuangusha. Mada hii inafaa kwa jaribio hilo kwa sababu kosa lililowasumbua wanasayansi wa mvua kwa muda mrefu linafanana sana na utata uliomo katika usemi wetu wa kila siku, "mvua kubwa".

2. Mwangwi na udanganyifu wake

Rada ni mtambo unaotuma mawimbi ya redio angani kwa mapigo mafupi, kisha hunyamaza na kusikiliza. Wimbi likikutana na kitu, sehemu yake ndogo hurudi lilikotoka. Muda unaopita kati ya kutuma na kupokea hutuambia umbali wa kitu hicho. Nguvu ya kile kilichorudi hutuambia jambo jingine, nalo ndilo kiini cha makala haya. Kwa kuwa lugha yetu tayari inalo neno mwangwi kwa sauti inayorudi kutoka mlimani au pangoni, hapana ubaya kulipanua neno hilo lihusu pia wimbi la redio linalorudi kutoka katika mvua.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wale waliokuwa wakitazama ndege za adui katika vioo vya rada walisumbuliwa na mwangwi wa mvua. Vita vilipokwisha, kero hiyo ikageuzwa kuwa elimu. Mwaka 1948, J. S. Marshall na W. M. Palmer, waliofanya kazi yao nchini Kanada, walichapisha makala fupi kuhusu mgawanyo wa matone ya mvua kwa ukubwa. Hawakuwa wa kwanza kuyapima matone. Mwaka 1904 Wilson Bentley, mkulima wa Vermont huko Marekani, alikuwa amekwisha kueleza njia yake ya kukinga mvua kwa sekunde chache katika chombo chenye unga: kila tone liliacha donge, na donge hilo lilipokauka lilipimwa. Jambo walilolionyesha Marshall na Palmer ni kwamba matone madogo huwa mengi mno, na idadi hupungua upesi kadiri kipenyo kinavyoongezeka. Majina yao yamebaki yakihusishwa pia na kanuni moja mashuhuri: mwangwi ni sawa na 200 mara kiasi cha mvua, katika milimita kwa saa, kikiwa kimepewa kipeo cha 1.6.

Kanuni hiyo ni nyepesi kutumia, lakini ndani yake mna mtego. Maadamu tone ni dogo sana likilinganishwa na urefu wa wimbi, mwangwi wake hukua kwa kipeo cha sita cha kipenyo chake. Yaani, kipenyo kikiongezeka maradufu, mwangwi huongezeka mara 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, nazo ni mara 64. Lakini maji yaliyomo katika tone hukua kwa kipeo cha tatu tu. Kipenyo kikiongezeka maradufu, maji huongezeka mara 8.

Tuchukue mfano. Tuseme kuna visehemu viwili vya hewa vilivyo sawa kwa ujazo. Katika cha kwanza mna tone moja lenye kipenyo cha milimita 2. Katika cha pili mna matone 64 yenye kipenyo cha milimita 1 kila moja. Kwa rada, visehemu hivi viwili ni sawasawa kabisa, kwa kuwa mwangwi wake ni mmoja. Lakini maji ya kisehemu cha pili ni mara 8 ya maji ya kile cha kwanza. Hata tukizingatia kwamba tone la milimita 2 huanguka kwa kasi ya mita 6.5 hivi kwa sekunde, na lile la milimita 1 kwa mita 4 hivi, bado mvua inayofika chini kutoka kisehemu cha pili ni karibu mara 5 ya ile ya kisehemu cha kwanza. Rada imesikia sauti moja, na kumbe kuna mvua mbili.

Ndiyo maana haikutosha kuwa na kanuni moja. Kanuni iliyotumika kwa kawaida katika rada za taifa za Marekani huweka 300 badala ya 200, na kipeo cha 1.4 badala ya 1.6, ile iliyotengwa kwa mvua za aina ya kitropiki huweka 250 na kipeo cha 1.2. Tukichukua mwangwi wa desibeli 40, kanuni ya Marshall na Palmer hutupa milimita 11.5 hivi kwa saa, ile ya kawaida ya Marekani hutupa takriban milimita 12, na ile ya kitropiki hutupa karibu milimita 22. Mwangwi haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni dhana ya mtaalamu kuhusu matone ambayo hajayaona.

3. Umbo la tone

Ufumbuzi ulitokana na jambo ambalo kwa muda mrefu halikuonekana kuwa na uhusiano wowote na rada, nalo ni umbo la tone linaloanguka.

Watoto wetu, na wachoraji wa vitabu vyao, huchora tone la mvua likiwa na ncha juu na tumbo chini, mfano wa chozi. Tone la namna hiyo halipo angani. Tone dogo, lenye kipenyo kisichozidi milimita 1, ni karibu duara kamili kama gololi, kwa sababu ngozi ya maji hulivuta pande zote kwa nguvu sawa. Tone likiwa kubwa zaidi, hewa inayolipinga wakati wa kuanguka hulisukuma kutoka chini, nalo hubonyea. Upande wake wa chini huwa bapa, wa juu hubaki umeviringa, na tone zima hufanana na andazi lililolazwa juu ya sinia. Likizidi milimita 6 au 8, kwa kawaida huwa halina uwezo wa kustahimili na hupasuka vipande vipande.

Mwaka 1970 H. R. Pruppacher na K. V. Beard walichapisha matokeo ya uchunguzi wao, ambamo matone yalielezwa juu ya mkondo wa hewa uliokuwa ukipanda, hata yakatulia mbele ya macho ya mchunguzi. Waligundua kwamba, kwa matone yaliyozidi milimita 1, uwiano wa kimo kwa upana hupungua kwa utaratibu: kwa kila milimita moja ya kipenyo inayoongezeka, uwiano huo hushuka kwa 0.06 hivi. Tone la milimita 2 lina kimo cha takriban asilimia 90 ya upana wake. La milimita 5, takriban asilimia 70.

Hapa tunaliona jambo lenye maana kubwa. Ukubwa wa tone umeandikwa katika umbo lake. Anayeweza kupima jinsi matone yalivyo bapa, hata kama hawezi kuliona tone moja, amepata njia ya kujua jinsi yalivyo makubwa. Kwa ajili ya sifa hii tunapendekeza neno ubapa. Mzizi wake tumeurithi; hatuuazimi kwa yeyote. Tunazungumza juu ya bapa la upanga, na kila msemaji anaelewa kuwa ni upande uliolala. Ubapa wa tone, basi, ni kiasi ambacho upana wake umezidi kimo chake.

4. Mielekeo miwili

Wimbi la redio husafiri huku likitikisika, na mtikisiko huo una mwelekeo. Mfano wake ni kamba ndefu iliyoshikwa na watu wawili. Mmoja akiitikisa juu na chini, mawimbi yatakayokwenda kwa mwenzake yatakuwa ya wima. Akiitikisa kushoto na kulia, yatakuwa ya mlalo. Kamba ni ile ile na safari ni ile ile. Kinachotofautiana ni mwelekeo wa mtikisiko tu. Elimu ya kupima vitu kwa kuilinganisha mielekeo hii huitwa polarimetria.

Rada za hali ya hewa za zamani zilitumia mwelekeo mmoja, mara nyingi ule wa mlalo. Mwaka 1976 T. A. Seliga na V. N. Bringi, waliokuwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, walipendekeza kwamba mwangwi wa mlalo na mwangwi wa wima vipokewe vyote viwili na kulinganishwa. Hoja yao yaweza kuelezwa hivi. Wimbi la mlalo hukutana na upana wa tone, na la wima hukutana na kimo chake. Iwapo matone ni madogo na ya duara, upana na kimo ni sawa, na myangwi miwili hurudi na nguvu moja. Iwapo matone ni makubwa na bapa, mwangwi wa mlalo huuzidi ule wa wima. Tofauti kati yao hupimwa kwa desibeli. Katika manyunyu tofauti hiyo huwa karibu na 0. Katika mvua ya matone makubwa yaweza kufika desibeli 2, 3 au zaidi, na desibeli 3 maana yake ni kwamba mwangwi mmoja una nguvu maradufu ya mwenzake.

Tuangalie jinsi hesabu inavyokwenda. Tofauti ya myangwi haitegemei idadi ya matone: matone kumi na matone elfu ya ukubwa mmoja hutoa tofauti ile ile. Kwa hiyo hutupa ukubwa peke yake. Wataalamu hupenda kuutaja kwa kipenyo cha kati, yaani kile kipenyo ambacho nusu ya maji yote imo katika matone yaliyo chini yake na nusu nyingine katika yale yaliyo juu yake. Ukubwa ukishajulikana, nguvu ya mwangwi wa mlalo hutuwezesha kukadiria idadi. Ukubwa na idadi vikipatikana, kiasi cha mvua hufuata. Ile dhana iliyokuwa ikichukuliwa bila ushahidi sasa imepata shahidi.

Upo pia ushahidi wa pili. Wimbi linapopita katikati ya matone huchelewa kidogo, na lile la mlalo, kwa kuwa hukuta maji mengi zaidi katika mwelekeo wake, huchelewa zaidi ya lile la wima. Rada hupima jinsi pengo la kuchelewa linavyoongezeka kwa kila kilomita. Faida ya kipimo hiki ni kwamba hakitegemei nguvu ya mwangwi. Mvua kali iliyo karibu na rada huweza kuufifisha mwangwi wa mvua iliyo nyuma yake, na kilima huweza kuziba sehemu ya mawimbi. Lakini kuchelewa hubaki pale pale. Isitoshe, pengo hili huenda karibu sambamba na kiasi cha mvua kuliko nguvu ya mwangwi iendavyo. Kwa sababu hizo, katika mvua kali ndicho kipimo kinachoaminiwa zaidi, ingawa katika manyunyu huwa kidogo mno hata hakifai.

Ushahidi wa tatu ni kiwango cha kulingana. Mapigo ya mlalo na ya wima yanayorudi kutoka katika mvua tupu hulingana karibu kabisa, kwa kiwango kinachozidi 0.97, ambapo 1 ni kulingana kikamilifu. Yakirudi kutoka kwa makundi ya ndege au wadudu, kulingana huko hushuka sana. Mvua ya mawe nayo hujifichua kwa njia yake: mawe hubingirika ovyo yanapoanguka, hivyo hayana upande mmoja uliolala daima. Mwangwi huwa mkubwa mno, lakini tofauti kati ya mlalo na wima hukaribia 0. Rada ya zamani ingeuhesabu mwangwi huo kuwa ni mvua ya kutisha. Rada ya mielekeo miwili hutambua kwamba ni barafu.

Haifai tuseme kwamba sasa hakuna tena kosa. Tofauti ya myangwi yataka kupimwa kwa usahihi wa desibeli 0.1 au 0.2, na mtambo ukipotoka kidogo, ukubwa wa matone nao hupotoka. Iko njia nzuri ya kuusahihisha: antena huelekezwa juu kabisa wakati wa mvua nyepesi na kuzungushwa. Tone likitazamwa kutoka chini huonekana duara hata likiwa bapa, kwa hiyo tofauti yapasa iwe 0. Isipokuwa 0, kosa ni la mtambo. Tena, mawimbi ya rada huzidi kupanda juu ya ardhi kadiri yanavyokwenda mbali. Yakielekezwa nusu digrii juu ya upeo wa macho, katika umbali wa kilomita 100 huwa yamefika kimo cha kilomita 1.5 hivi. Yale yanayoonekana huko juu yanaweza kubadilika kabla ya kufika chini.

5. Fort Collins, Julai 1997

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya maabara. Tukio moja litatosha kumjibu.

Usiku wa tarehe 28 Julai 1997, mji wa Fort Collins katika jimbo la Colorado, Marekani, ulipigwa na mvua iliyomwaga, katika sehemu moja ya mji, zaidi ya milimita 250 kwa muda wa saa 6 hivi. Mafuriko yaliyofuata yaliwaua watu 5. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, kilichopo katika mji huo huo, maji yaliingia katika ghorofa ya chini ya Maktaba ya Morgan, yakaharibu takriban vitabu na majarida nusu milioni. Kwa wasomaji wa jarida hili, ambao hufanya kazi yao kwa vitabu, hasara hiyo haihitaji maelezo.

Rada za taifa zilizokuwa zikiutazama mji huo wakati ule zilikuwa za mwelekeo mmoja. Wachunguzi walipokuja kuyalinganisha makadirio yake na vipimamvua, walikuta kwamba kanuni ya kawaida ilikuwa imeipunguza mvua hiyo sana. Sababu yake msomaji ameshaijua. Katika nyanda za Colorado, dhoruba iliyozoeleka ni ile yenye mawe na matone makubwa machache. Dhoruba ya usiku ule ilikuwa ya tabia ya kitropiki: hewa yenye unyevu mwingi, na matone mengi ya ukubwa wa wastani. Mwangwi wake haukuwa wa kutisha. Maji yake yalikuwa ya kutisha. Haba na haba ilikuwa ikikijaza kibaba, na kanuni iliyotumika ilikuwa haijui kuhesabu haba.

Karibu na mji wa Greeley, si mbali na hapo, kulikuwa na rada ya utafiti ijulikanayo kwa jina la CSU-CHILL, iliyokuwa na uwezo wa mielekeo miwili. Ilikuwa ikiitazama dhoruba ile ile. Makadirio yaliyotolewa baadaye kutokana na kumbukumbu zake, kwa kutumia umbo la matone na kuchelewa kwa mawimbi, yalikaribiana zaidi na yale ya vipimamvua. Elimu ilikuwapo, tena iliyoendeshwa na chuo kile kile ambacho maktaba yake ilizama. Lakini wakati ule ilikuwa bado ni elimu ya watafiti, haijawa chombo cha kuwaonya watu kila siku. Majaribio makubwa yalifanywa Oklahoma miaka ya 2002 na 2003, na rada za taifa la Marekani, zipatazo 160, zilianza kugeuzwa kuwa za mielekeo miwili mwaka 2011. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2013.

6. Lugha ya kuielezea mvua

Sasa tuyageukie maneno yenyewe. Katika maelezo yaliyotangulia kuna mambo matatu yanayowahusu moja kwa moja wasomi wa lugha.

La kwanza ni usemi "mvua kubwa". Katika Kiswahili cha kila siku, kubwa hapa yaweza kumaanisha matone makubwa, au maji mengi kwa muda mfupi, au mvua iliyodumu siku nzima. Kwa mazungumzo ya barazani utata huo haudhuru. Lakini tumekwisha kuona kwamba matone makubwa na maji mengi ni mambo mawili, na kwamba kuyachanganya kuliwaponza hata wenye mitambo. Kiswahili chenyewe hakikosi maneno ya kutofautisha: manyunyu na rasharasha huashiria namna matone yalivyo, ilhali mafuriko na gharika huashiria wingi wa maji. Tunapendekeza kwamba katika maandishi ya sayansi pasemwe "mvua ya matone makubwa" pale panapohusika ukubwa, na "mvua nyingi" pale panapohusika kiasi, na kwamba "mvua kubwa" iachiwe mazungumzo ya kawaida.

La pili ni vitenzi vitatu ambavyo hutumiwa kana kwamba ni kimoja: kupima, kukadiria na kukisia. Kipimamvua hupima, kwa kuwa maji yenyewe yameingia ndani yake. Rada haijapata kuyagusa maji hayo. Hupima mwangwi na kuchelewa kwa mawimbi, na kutokana na vipimo hivyo hukadiria mvua. Kukadiria si kukisia. Anayekisia hana hoja ya kuitetea namba yake. Anayekadiria anayo, na anaweza kueleza kosa lake laweza kuwa kubwa kiasi gani. Taarifa ikisema kwamba "rada imepima milimita 60", imempa msikilizaji uhakika usiokuwapo. Ikisema "imekisiwa", imempa sababu ya kudharau onyo ambalo huenda lingemwokoa. Hapa uteuzi wa kitenzi si suala la ufasaha peke yake. Ni suala la ukweli, na huenda likawa suala la uhai.

La tatu ni jina la mtambo. Wako watakaopenda kulitohoa neno la kigeni na kusema "rada ya polarimetria". Hatuna ugomvi nao. Neno hilo latufaa kuitajia elimu nzima, nasi tumelitumia hivyo. Lakini kwa mtambo wenyewe tunaona kwamba "rada ya mielekeo miwili" ni bora, kwa kuwa anayelisikia mara ya kwanza hupata nusu ya maelezo ndani ya jina. Kadhalika tumetumia mwangwi, ubapa, kipenyo cha kati, tofauti ya myangwi na kiwango cha kulingana. Tukumbuke kwamba hatukuanza na majina haya. Tulianza na tone linalobonyea, na majina yakaja yalipohitajika. Umbo la wingi, myangwi, ambalo huenda likamkwaruza msomaji sikioni, lililazimishwa na jambo lenyewe: sauti ya mlimani haikuwahi kudai wingi, bali rada yenye mielekeo miwili inaudai.

Yafaa tuongeze kwamba mambo haya hayako mbali nasi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada ya mielekeo miwili Mwanza, na Rwanda nayo inayo rada ya aina hiyo; zote mbili zilitumika mwaka 2019 katika uchunguzi wa dhoruba za Ziwa Viktoria, ambazo huwaangamiza wavuvi usiku. Katika nyanda za Kericho na Nandi mvua ya mawe huyachanachana majani ya chai mara kwa mara, na tumeona jinsi mawe yanavyotofautishwa na matone. Wanaozihitaji taarifa hizo, wawe wavuvi au wakulima, wengi wao huzipokea kwa Kiswahili. Wanaozitayarisha wamesomea kwa Kiingereza. Daraja kati ya pande hizo mbili hujengwa kwa maneno, na maneno hayo ni dhamana yetu.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba rada haiioni mvua kama tunavyoiona sisi. Husikia mwangwi, na mwangwi wa mwelekeo mmoja huficha tofauti kati ya matone makubwa machache na madogo mengi. Tofauti hiyo ilifichuliwa na umbo la tone, ambalo mawimbi ya mlalo na ya wima hulisoma kwa pamoja. Tumeonyesha vilevile kwamba Kiswahili kinaweza kulibeba jambo hili mwanzo hadi mwisho, ila kwa sharti kwamba mwandishi aitambue tofauti kati ya ukubwa na wingi, na kati ya kupima na kukadiria.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilionyesha kwamba orodha za istilahi zinaweza kukamilika. Kilichobaki ni kazi ngumu zaidi, nayo ni kuyaandika maelezo ambamo istilahi hizo zitaishi. Pendekezo letu ni kwamba idara za Kiswahili katika vyuo vyetu ziwaalike wataalamu wa hali ya hewa, na wa taaluma nyingine, waeleze kazi zao polepole mbele ya wanafunzi wa lugha, na kwamba wanafunzi hao watakiwe kuyaandika maelezo hayo upya kwa namna ambayo mtaalamu mwenyewe ataikubali kuwa ni sahihi. Panapokosekana neno, na pawekwe sentensi. Neno litakuja baadaye. Istilahi tulizozipendekeza hapa tunazitoa zijadiliwe, na tutawashukuru wasomaji watakaotuonyesha zilizo bora zaidi.